Kutu ya Kona ya Ndege

Juni 2

Leo nimeanza kazi ya mezani. Miaka yote nimekuwa mtu wa kupanda helikopta, natua juu ya mtambo wa gesi katikati ya bahari, nazunguka na tochi, kioo cha mkono na kipimo cha unene, nikitafuta kutu ya nje kwenye mabomba. Sasa nimepewa kiti kinachozunguka, kompyuta, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Daktari wa kampuni kasema mwenye mimba hapandi helikopta, mwisho wa maneno. Nikamwambia mbona mtoto mwenyewe hajalalamika. Hakucheka hata kidogo.

Mpango wenyewe ni huu. Mdogo wangu yuko kule kule mtamboni, ni fundi wa kamba, kazi yake kuning'inia chini ya sakafu mahali ambapo ngazi haifiki, akipaka rangi na kukaza boliti. Wenzake wanamwita Sindano kwa jinsi alivyo mwembamba, na siku hizi hata mama aliyemzaa anamwita hivyo hivyo. Yeye atapiga picha, atanitumia, mimi nitaangalia na kutoa alama: moja ni safi, tano ni funga bomba sasa hivi. Bosi anaona tumekuwa watu wa kisasa. Mimi naona nimefungwa mikono. Kutu unaiona kwa macho, lakini unaijua kwa vidole.

Juni 3

Picha mia mbili. Nusu yake zina kidole gumba cha Sindano.

Juni 5

Nimempigia. Mawimbi yameanza kuchafuka na simu inakatikakatika.

"Sindano, hebu ondoa kidole kwenye kioo cha kamera."

"Dada, mimi nimening'inia na kamba, upepo unanizungusha, bado unataka niwe mpiga picha wa harusi?"

"Nataka nione bomba."

"Si ungekuja mwenyewe? Au huyo wa tumboni ndiye bosi siku hizi?"

Nilimtukana kidogo, tukacheka, simu ikakatika. Mama alikuwa ametega sikio mlangoni. Anakaa kwetu tangu mwaka juzi, na kila nikiongea na mwanawe lazima aulize: "Kakonda?" Namjibu: "Mama, alianza lini kunenepa?"

Juni 9

Hii ya leo lazima niiandike vizuri.

Chini ya sakafu ya mwisho ya mtambo, bomba kubwa linalopeleka gesi nchi kavu limelala juu ya egemeo la chuma. Ndege wa baharini wanapenda kupumzika pale, kwa hiyo kila mtu anapaita Kona ya Ndege, na hupiti bila kofia kama unajipenda. Katika picha ya leo kuna mchirizi wa kahawia unaotoka pale bomba linapokutana na egemeo. Mwembamba tu. Mtu mwingine angeupita.

Mimi sikuupita. Kutu iliyovimba hadharani ina makeke tu, mara nyingi ukiipima unakuta chuma bado kipo. Ya kuogopa ni ile inayojificha pale chuma kinapolalia chuma, maji ya chumvi yakaingia yasitoke. Hapo inakula kimyakimya. Na ikishakula inaacha gamba gumu, nene, jeusi, na kuna wakati gamba hilo ndilo kitu pekee kilichobaki kuizuia gesi isitoke. Ndiyo maana nimemfundisha Sindano sheria moja tangu siku yake ya kwanza kazini: kutu ya bomba lenye gesi haiguswi. Si kwa nyundo, si kwa brashi ya waya, si kwa ukucha.

Nimetoa alama nne. Ningekuwa kule ningelala chali chini ya lile egemeo na kipimo changu, na jioni ningekuwa na jibu. Hapa nina picha yenye kinyesi cha ndege.

Juni 10

Nimempelekea bosi. Tunamwita Tutaona, kwa sababu ukimwambia nyumba yake inaungua atakujibu hivyo. Nimemwomba afunge laini ile, bomba linyanyuliwe kidogo kwenye egemeo, lipimwe. Kazi ya siku mbili.

"Laini ile ndiyo inayolisha mji," alisema. "Tunafunga mwezi wa nane, kama kila mwaka."

"Halitafika mwezi wa nane."

"Umelipima?"

"Nalipima vipi nikiwa hapa?"

"Basi tutaona."

Juni 14

Mawimbi. Helikopta haikuruka.

Juni 15

Haikuruka.

Juni 17

Imeruka, imerudi na barua na wagonjwa wa tumbo. Nimeomba wapunguze basi hata presha ya gesi kwenye laini ile. Nimejibiwa kwamba ombi langu limepokelewa kwa uzito unaostahili. Hee! Natwanga maji kwenye kinu.

Juni 20

Mume wangu, ambaye ni fundi wa friji, kaniambia niache kazi ofisini nikifika nyumbani. Nikamwambia yeye friji ikimshinda anaizima tu kwenye ukuta. Akaniuliza kwa upole tu: "Na wewe kwako nani anazima?" Nikaenda kuoga.

Juni 24

Leo ndiyo nimejua kukosa helikopta ni jambo dogo.

Asubuhi palikuwa na kikao. Wakubwa wanne, mimi na tumbo langu. Mmoja akasema katika picha haoni ubaya wowote, anaona uchafu. "Tuonyeshe chuma," akasema, "tutaelewa." Nikawaambia chuma hakionekani kwa sababu kimefunikwa na gamba, na gamba haliguswi. Wakatazamana. Nimeshazoea watu kutazamana hivyo mbele yangu.

Mchana ikaingia picha mpya ya Kona ya Ndege. Sikuwa nimeiomba. Pembeni ya lile gamba, karibu upana wa kiganja, palikuwa peupe. Alama za brashi ya waya zinaonekana mstari kwa mstari.

Nilisimama ghafla mpaka mtoto akapiga teke. Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Nimepiga nikiwa nimekaa, nimepiga nimesimama, nimepiga nikiwa chooni. Ofisi nzima wananiangalia. Jioni ndipo akapokea.

"Sindano! Nani kakwambia ushike brashi?"

"Bosi wako kapiga redio. Kasema nisafishe padogo tu pembeni, ili picha ionyeshe chuma, ikusaidie. Dada, nilifikiri ni wewe umemtuma."

"Mimi? Mimi nimtume yule?"

"Basi usipige kelele, utamshtua mtoto."

"Niambie. Kutu ya bomba lenye gesi?"

"Haiguswi."

"Tena."

"Haiguswi, Dada. Naapa."

Najua ameapa kwa moyo. Na namjua mdogo wangu. Hajawahi kumkatalia mtu kitu tangu azaliwe. Shuleni alikuwa akibeba mikoba ya darasa zima. Atakayesimama mbele yake na kusema "nisaidie kidogo tu" amempata.

Juni 25

Tutaona amekuja na ile picha imechapishwa, amefurahi utadhani kapata mjukuu.

"Umeona? Chuma kinang'aa. Kizima kabisa."

Nikamweleza kwamba mwanga ukipigwa uso kwa uso shimo halionekani. Hata uso wenye makovu ukipigiwa taa ya mbele unatoka laini. Akaniambia nimechoka, nipumzike, hali yangu hii inataka utulivu. Nilitaka kumtupia kile kiti kinachozunguka.

Juni 27

Nimemwelekeza Sindano kwa simu: usiguse kitu, shika tochi ubavuni, iangaze chuma kwa pembeni, halafu piga. Alinung'unika kwamba anahitaji mkono wa tatu. Akaishika tochi kwa meno.

Picha imefika saa nane. Haina kidole. Mwanga unatoka kushoto, na pale kwenye kile chuma kinachong'aa, karibu na gamba, kuna kivuli cha shimo ambalo lingemeza ncha ya kidole changu. Na hapo ni pembeni tu, mahali pasipoliwa sana. Chini ya gamba lenyewe sijui kama kuna kitu chochote.

Nimeandika tano. Sijawahi kuandika tano maishani mwangu.

Juni 28

Wameniamini. Ningejua wataniamini hivi, ningenyamaza.

Hawafungi laini. Wamekubali kwamba bomba ni bovu, kwa hiyo watalifunga bandeji: kitambaa kinacholowekwa kwenye gundi, unakizungusha kwenye bomba, kinakauka kinakuwa kigumu kama bati. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa mwingine. Lakini bandeji haishiki juu ya kutu. Lazima kwanza gamba lote liondolewe, chuma kisuguliwe.

"Mtasugua gesi ikiwa inapita?" niliuliza.

"Taratibu," akasema Tutaona. "Kwa mkono. Hatutumii mashine."

"Hilo gamba ndilo linaloshika!"

"Hilo ni wazo lako."

Nikakataa kutia sahihi. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti anauheshimu msimamo wangu, halafu akasema sahihi yangu si ya lazima, ya mkuu wa mtambo inatosha. Nikampigia mkuu wa mtambo. Mtu mstaarabu, sauti ya upole. "Mama, nakuheshimu sana," akasema, "lakini nikifunga laini bila amri ya nchi kavu, kesho anakuja mwingine anaifungua." Hakuwa akisema uongo.

Bandeji yenyewe inakuja kwa meli. Meli inasubiri bahari itulie. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu naomba mawimbi yaendelee.

Juni 30

Mawimbi. Vizuri.

Julai 3

Ni nani atakayesugua? Swali la kijinga. Kona ya Ndege haifikiki ila kwa kamba, na fundi wa kamba ni mmoja kwa zamu.

Wako wawili kwa jumla. Sindano na mwenzake tunayemwita Kocha, maana akiwa likizo anafundisha mpira timu ya watoto mtaani kwao. Mmoja akiwa kule, mwingine yuko nyumbani. Wanalalia kitanda kimoja, wanavaa mikanda ile ile, na hawajawahi kula sahani moja. Wanakutana tu siku ya kubadilishana, juu pale helikopta inapotua, mmoja anashuka na mwingine anapanda. Hapo wana dakika chache za kupigiana kelele chini ya mapanga ya helikopta yanayozunguka: hiki kimeharibika, kile kimebaki, angalia fulani. Hakuna njia nyingine ya kupokezana kazi. Zamu ya Sindano inaisha mwisho wa mwezi.

Nimemwambia kila kitu kuhusu bandeji.

"Nitakataa," akasema.

"Watakufukuza."

"Nifukuzwe, basi. Nitakuja kulea mtoto wako."

Akacheka. Sikucheka. Nilimsikia jinsi alivyokuwa akijilazimisha.

Julai 5

Utabiri unasema bahari itatulia siku ya tisa au ya kumi. Kila mtu ofisini anashangilia.

Julai 6

Mama amenikuta nalia bafuni. Nilifungulia bomba la maji ili asisikie, lakini huyo mama husikia mpaka mawazo. Akagonga, akaingia, akafunga maji ("Maji ni bure?"), akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nikamweleza. Gamba, brashi, bandeji, Sindano. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Huko kwenu mtu anarudishwa nyumbani kwa sababu gani?"

"Akiumwa mwenyewe. Au msiba. Au mzazi akiwa mahututi."

Akanyoosha nguo yake magotini.

"Haya. Mimi ni mahututi."

"Mama, acha mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Nina umri, nina presha, nina mguu unaovimba. Kilichobaki ni kutia chumvi kidogo."

Jamani, nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu wote wawili tulikuwa tumeshakubaliana.

Julai 7

Mama amekufa nusu leo asubuhi kwa njia ya simu. Alikataa kupiga akiwa ameketi. Alisema mtu mahututi haongei ameketi, sauti inatoka na nguvu. Akapanda kitandani, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akaniagiza nifunge pazia. Nikamuuliza nani atamwona. Akasema yeye mwenyewe atajiona.

Akampata binti wa ofisi ya wafanyakazi. "Mwanangu," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "mimi naondoka. Nataka nimwone mwanangu wa mwisho. Mmoja tu huyo wa kiume." Akakohoa. Kikohozi kilizidi, nikamfinya mguu apunguze.

Baada ya nusu saa wakanipigia mimi kuthibitisha. Nikasema: ndiyo, hali yake si nzuri hata kidogo. Uongo ulinitoka mwepesi kabisa, na sina aibu. Binti aliniambia pole, akanionea huruma ya kweli, akasema Sindano atapata nafasi kwenye helikopta ya kwanza itakayoruka.

Mezani mume wangu akauliza: "Na atakayekwenda badala yake?"

"Labda pasiende mtu."

Akaniangalia. Anatengeneza friji, anajua kifaa kikitolewa lazima kingine kikae mahali pake. Nikamwambia chakula kinapoa.

Najua ni nani. Nimeandika mwenyewe juu hapo, Julai 3. Nilijipa moyo kwamba Kocha ni mtu mzima, ana maneno, anajua kukataa. Na Sindano atamwambia pale juu wakipishana. Hilo nililitegemea kabisa.

Julai 9

Bahari imelala. Kutoka dirishani naona bendera ya lango la ofisi imejikunja kwenye mlingoti wake.

Julai 10

Sindano amefika saa tisa mchana. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo, anaimba. Tulikuwa tumekubaliana awe kitandani walau saa moja ya kwanza, lakini alisema amechoka kulala.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu akasimama pale na mkoba begani, macho mekundu, midomo imekauka. Akamtazama mama. Mama akageuka, mikono ina povu, akatabasamu.

"Mwanangu! Umekonda."

Nilidhani angefurahi. Nilidhani angetukana kisha acheke, maana ndivyo alivyo. Akaweka mkoba chini polepole.

"Nimelia njia nzima," akasema. "Nimelia mbele ya watu wazima. Rubani kanipa kitambaa chake."

"Tulitaka urudi salama," nikasema.

"Mngeniambia!"

"Ungekubali?"

Mama akaja kumshika, Sindano akajitoa, kwa heshima lakini akajitoa. Akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Nikamfuata, nikakaa kwa shida kando yake.

"Umepishana na Kocha?"

"Ndiyo. Wamemkatiza likizo. Kanikumbatia."

"Ukamwambia habari za Kona ya Ndege?"

Aligeuka akanitazama, na nikaona anaelewa kwa mara ya kwanza, palepale, mbele yangu.

"Nilikuwa nalia, Dada. Kanishika mabega, kaniambia jikaze, nikapanda. Sikumwambia neno."

Tukapiga simu. Haipatikani. Sindano akaandika ujumbe, mimi nikaandika, tukatuma, haukufika hata mmoja. Nikampigia Tutaona. Akasema bandeji bado haijapangiwa siku, na kwamba nimpe mama pole.

"Meli je?"

"Meli imefika leo. Si unaona bahari ilivyotulia?"

Bahari ile ile iliyomrudisha Sindano ndiyo iliyopeleka bandeji.

Julai 11

Kocha hapatikani, na simu ya mkuu wa mtambo haipokelewi. Nimeandika kwa mkuu wa mtambo, kwa ofisi ya usalama, kwa Tutaona, kwa kila mwenye anwani. Maneno matatu tu ndiyo ya maana katika zote: kutu hiyo haiguswi. Ofisi ya usalama wamejibu. Watakaa Jumatatu.

Nilimwambia binti wa redio aniunganishe na mtambo. Akasema redio ni ya shughuli za kazi, na mimi leo niko likizo ya kumuuguza mzazi. Ni kweli. Nilijiombea mwenyewe.

Julai 12

Nimekwenda ofisini hivyo hivyo. Sindano alikuja nami, akasimama nyuma ya kiti changu.

Kulikuwa na picha mpya, za Kocha. Safi, zimenyooka, hakuna kidole hata kimoja. Sindano akasema, "Angalia, ananishinda," na nilisikia anajaribu kuwa yule wa siku zote. Nikazifungua moja moja. Ngazi. Vyuma vya kushikia. Boya. Halafu Kona ya Ndege, na kwenye ukingo wa picha mkono wenye glovu umeshika brashi ya waya. Gamba lilikuwa limeondolewa nusu. Alikuwa anafanya kazi nzuri, ya taratibu, kwa mkono, kama alivyoambiwa, na alikuwa anatupigia picha za maendeleo.

Nilikimbia. Na tumbo hili nilikimbia mpaka kwa Tutaona, sikugonga. Sindano alinipita mlangoni.

"Redio! Waambie wasimame!"

Nitasema haki yake: safari hii hakusema tutaona. Alitutazama nyuso zetu akaishika redio. Akaita mtambo. Mtambo ukaitika. Akasema simamisheni kazi ya Kona ya Ndege, mtoeni fundi kwenye kamba. Yule wa upande wa pili akasema sawa, anamtuma mtu ashuke. Tukasikia anaita mtu kwa jina la utani, anamwambia aharakishe. Tukasikia viatu kwenye ngazi za chuma.

Kisha tukasikia mngurumo, mbali, mrefu, hauishi. Kisha king'ora.

Julai 13

Gesi haikushika moto. Vali za kuzuia gesi zilijifunga zenyewe, watu wote walifika sehemu ya kukusanyikia, wakahesabiwa. Wote isipokuwa mmoja. Gamba lilipoachia, nguvu ya gesi ilimpiga ikamrusha na kamba yake mpaka kwenye nguzo. Walimvuta juu. Daktari wa mtambo alikaa naye. Kocha hakufika mchana.

Laini imefungwa. Mji unapika kwa mkaa na hakuna mtu amekufa kwa hilo. Nilikuwa naomba ifungwe tangu Juni 10, na ilifungika ndani ya dakika moja.

Tutaona ameniita, ameniambia nilikuwa sahihi. Aliniambia akiwa amesimama. Sikuwa na nguvu hata ya kumchukia.

Julai 14

Sindano hali chakula.

Julai 15

Leo mama ameambiwa. Tulimficha siku mbili. Tulisema kuna ajali imetokea kule, lakini hatukusema ya nani. Yeye muda wote alikuwa anashukuru. Anapika, anashukuru, anamwekea Sindano chakula asichokula, anashukuru tena. Leo Sindano akaweka kijiko chini.

"Mama, aliyekufa ni Kocha."

"Kocha ndiye nani?"

Sindano akanitazama mimi. Nikamweleza: wako wawili, kitanda kimoja, mmoja akirudi mwingine lazima aende. Alikuwa nyumbani kwake, anafundisha watoto mpira. Walimwita kwa sababu Sindano alikuwa anakuja kumuaga mama yake.

Mama akajifuta mikono. Ilikuwa mikavu lakini akaendelea kuifuta.

"Hukuniambia hivyo bafuni," akaniambia.

"Sikukuambia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilisubiri anipige kofi, kwa kweli nilitamani anipige. Mume wangu akatazama sahani yake. Mama akamgeukia Sindano, na sauti ikamtoka ndogo, dhaifu, ile ile aliyoiigiza siku ile chini ya shuka.

"Ana mama?"

"Anaye," Sindano akasema. "Kocha aliniambia pale juu, wakati ananikumbatia. Alisema nisiogope, mama yake amesikia kwamba unaumwa, na tangu asubuhi alikuwa anakuombea upone."

Mama akakaa chini, palepale sakafuni jikoni. Nilitaka kumnyanyua, lakini na mimi siwezi kuinama tena.